Kufunga Mwaka kwa Nia na kwa Kiasi: Mwongozo kwa Familia za Sikonge

Tarehe 31 Desemba, mkulima wa Sikonge hana ghala lililojaa. Ana shamba linalodai palizi, tumbaku iliyopandikizwa majuma machache yaliyopita, mahindi yanayoshindana na magugu, na akiba ya chakula inayopungua kila siku. Kalenda iliyotundikwa ukutani inamwambia kwamba mwaka umekwisha, lakini udongo unamwambia kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza. Kati ya sauti hizo mbili inakuja Noeli pamoja na wageni wake, nguo za watoto, michango ya kila aina, na tarehe ya kufungua shule.

Katika makala hii tunakusudia kuzisaidia familia zetu, jumuiya ndogo ndogo na vigango vyetu kuufunga mwaka kwa nia, yaani kwa kujua tunafanya nini mbele ya Mungu, na kwa kiasi, yaani bila kuuharibu mwezi wa Januari kwa furaha ya siku mbili za Desemba. Neno hilo kiasi si geni katika mafundisho yetu. Kanisa linafundisha fadhila nne za kibinadamu zilizo kama bawaba za fadhila nyingine zote: busara, haki, nguvu na kiasi. Kiasi ni fadhila inayotuwezesha kuvitumia vitu vyema vya dunia bila vitu hivyo kutufanya watumwa wake. Kwa hiyo mwenye kiasi hufurahi, ila furaha yake haimnyang'anyi mtoto wake daftari.

Kalenda tatu katika nyumba moja

Mkatoliki wa Sikonge anaishi chini ya kalenda tatu kwa wakati mmoja, na vurugu nyingi za mwisho wa mwaka hutokana na kutozitofautisha.

Ya kwanza ni kalenda ya Kanisa. Mwaka wa liturujia hufungwa kwa juma la Sherehe ya Kristo Mfalme, na mwaka mpya huanza na Dominika ya kwanza ya Majilio. Maana yake ni kwamba tunapofika usiku wa tarehe 31 Desemba, sisi tumekwisha kuwa ndani ya mwaka mpya wa Kanisa kwa takribani mwezi mmoja. Tumetangulia kungoja, kutubu na kumpokea Mtoto aliyezaliwa, kabla ya dunia kupiga kelele za mwaka mpya. Hali hiyo ni neema, kwa kuwa anayeingia Januari akiwa amekwisha kujiandaa haingii kwa kushtukizwa.

Ya pili ni kalenda ya serikali na ya shule, inayoanza tarehe 1 Januari. Tangu mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na jambo hilo limewapunguzia wazazi mzigo mkubwa. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, mkoba, na godoro kwa anayekwenda bweni bado vinanunuliwa na mzazi, na vyote vinahitajika katika juma lile lile la Januari.

Ya tatu ni kalenda ya mvua. Katika ukanda wetu wa miombo mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miche ya tumbaku huandaliwa vitaluni kabla ya mvua, hupandikizwa mvua zinapoanza, majani huchumwa na kukaushwa katika mabani miezi inayofuata, na masoko hufunguliwa karibu na katikati ya mwaka. Kwa hiyo fedha ya mkulima wa tumbaku huingia wakati wa kiangazi, baada ya makato ya mkopo wa pembejeo katika chama cha msingi, ilhali mahitaji yake makubwa huja wakati wa mvua. Kati ya malipo na mahitaji kuna pengo la miezi mitano au sita, na Noeli imekaa ukingoni mwa pengo hilo.

Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika nchi ya asali kama yetu methali hiyo haihitaji maelezo. Mara nyingi buyu la nyumba huwa limechovywa tangu Julai, kidogo kidogo, bila mtu yeyote kulitazama ndani. Inapofika Desemba, tunakwangua kilichobaki na kukiita sikukuu.

Fundisho la njia ya misafara

Wazee wa nchi hii walijua namna ya kupumzika katikati ya safari. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika kuelekea Ujiji na kuelekea ziwa Nyanza. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua takribani miezi mitatu. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliosifika kuliko wengine, walibeba mabegani mzigo wa kilo 30 au zaidi. Wengi wao walipanga safari zao kwa kufuata mvua: waliondoka kiangazi na kujitahidi kurejea kwa wakati wa kulima, kwa sababu mshahara wa upagazi haukuweza kuziba nafasi ya shamba lisilolimwa.

Msafara ulipofika kambini, mizigo ilitua chini. Posho iligawiwa, kamba zilizolegea zilifungwa upya, na wagonjwa walitazamwa. Palikuwa na moto, ngoma na masimulizi, kwa kuwa mtu aliyebeba mzigo siku nzima anastahili kucheka jioni. Lakini kila mmoja alijua kwamba kambi si mwisho wa safari. Aliyemaliza posho yake yote usiku mmoja aliamka na njaa na mzigo ule ule.

Kanisa la Tabora lenyewe liliingia kwa njia hiyo. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika walioanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, uliondoka Bagamoyo kuja bara. Padre Pascal, mmoja wa viongozi wao, alifariki njiani kabla ya kufika Unyanyembe. Waliobaki walifika Tabora na kugawanyika makundi mawili, moja la kwenda Ujiji na jingine la kwenda Nyanza na Uganda. Mwaka 1879 ulipoanza, hakuna hata kundi moja lililokuwa limefika mwisho wa safari yake. Wa Ujiji walifika Januari, na wa kwanza wa Uganda walifika tarehe 17 Februari. Hawakuwa na matokeo ya kuhesabu mwisho wa mwaka ule: walikuwa na kaburi moja nyuma yao na njia mbele yao. Hata hivyo mbegu waliyoibeba ndiyo iliyozaa Vikarieti ya Unyanyembe na hatimaye Jimbo Kuu la Tabora, lililoundwa mwaka 1953.

Tunajifunza kutoka kwao kwamba mwisho wa mwaka hautudai tuwe tumefika. Unatudai tutue mzigo, tuutazame, tuamue kipi cha kuacha, kipi cha kumsaidia mwenzetu kubeba, na kipi cha kuendelea nacho asubuhi.

Kuutazama mwaka mbele ya Mungu

Jambo la kwanza la kufanya ni la kiroho, nalo halina gharama. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwaachia Wakristo njia ya kuitafiti dhamiri yenye hatua tano, na njia hiyo inaifaa familia nzima kwa kuutazama mwaka. Tunapendekeza ifanywe jioni ya tarehe 30 au 31 Desemba, simu zikiwa zimewekwa kando, kwa muda usiozidi saa moja.

Hatua ya kwanza ni shukrani. Kila mmoja, hata mtoto mdogo, ataje jambo moja alilopokea mwaka huu: afya iliyorudi, mvua iliyonyesha kwa wakati, mtihani uliofaulu, jirani aliyetusindikiza msibani. Hatua ya pili ni kuomba mwanga wa Roho Mtakatifu, ili tuuone mwaka kama Mungu anavyouona, wala si kama hasira zetu zinavyouona. Hatua ya tatu ni kupitia miezi, mmoja mmoja, tangu Januari hadi Desemba. Hatua ya nne ni kuomba msamaha, kwa Mungu na pia ana kwa ana, mume kwa mke, mzazi kwa mtoto. Hatua ya tano ni azimio.

Kuhusu azimio tunashauri liwe moja tu, dogo, na linaloweza kuonekana kwa macho. Kusema "nitakuwa Mkristo mwema" hakumsaidii mtu. Kusema "nitahudhuria jumuiya kila juma" kunaweza kupimwa. Tunaye mfano mkubwa katika historia ya Kanisa la magharibi mwa Tanzania. Daktari Adriano Atiman alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956, yaani kwa muda wa miaka 67 mahali pamoja. Utakatifu wa namna hiyo haujengwi kwa maazimio kumi ya usiku mmoja. Hujengwa kwa mtu kuamka kila asubuhi na kurudi kwenye kazi ile ile.

Baada ya kuitafiti dhamiri, tuiendee Sakramenti ya Kitubio. Amri za Kanisa zinatudai kuungama walau mara moja kwa mwaka, na wako miongoni mwetu ambao mwaka unaisha bila hata hiyo mara moja. Tusingoje mkesha wa Noeli, ambapo foleni ni ndefu na paroko ana vigango vingi vya kufikia katika barabara zenye matope. Majilio yote ni wakati wa kuungama.

Tukumbuke pia kwamba Kanisa linatoa rehema kamili kwa muumini anayeshiriki kusali hadharani utenzi wa shukrani wa Te Deum katika siku ya mwisho ya mwaka, na kwa anayeshiriki wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu, Veni Creator, siku ya kwanza ya mwaka. Masharti ni yale ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kujitenga na dhambi yoyote, hata iliyo ndogo.

Kufunga hesabu za nyumba

Jambo la pili ni hesabu. Wako wanaodhani kwamba kuzungumzia fedha wakati wa Noeli ni kuipunguzia sikukuu utakatifu wake. Lakini Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kuweka msingi wa mnara, na Yosefu wa Agano la Kale aliiokoa Misri kwa kuhesabu nafaka katika miaka ya shibe.

Tunashauri baba na mama waketi pamoja. Tunasisitiza neno pamoja. Tumbaku inayouzwa kwa jina la baba imepaliliwa, imechumwa na kufungwa na mama na watoto. Kwa hiyo uamuzi wa fedha yake si wa mtu mmoja. Baba anayejua peke yake kiasi kilicholipwa na chama cha msingi, na mama anayekisia tu, hawajafikia bado umoja walioahidiana altareni. Mara nyingi ugomvi wa Januari ni matokeo ya siri ya Julai.

Wakiwa wameketi, wagawe kilichopo katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni chakula hadi mavuno mapya. Wafungue ghala na kupima kwa macho yao wenyewe: magunia mangapi ya mahindi, michembe kiasi gani, matobolwa kiasi gani, mihogo iliyo shambani, karanga za mbegu zisizoguswa. Kisha wahesabu midomo na miezi.

Fungu la pili ni shule. Vitu vya shule vinunuliwe kabla ya nguo za sikukuu. Nguo ya Noeli huvaliwa siku moja na kusifiwa, lakini sare humruhusu mtoto kuingia darasani pamoja na wenzake bila aibu. Mahali penye kipato kidogo, viatu vya shule vinaweza kuwa ndiyo zawadi ya Noeli yenyewe, vikitolewa kwa furaha na kubarikiwa.

Fungu la tatu ni shamba: palizi, mbolea, dawa, na ujira wa vibarua. Hapa liko suala la haki. Katika mashamba mengi ya tumbaku wapo vijana waliotoka mbali kuja kufanya kazi ya msimu, na ambao watakuwa katika nyumba zetu siku ya Noeli. Maandiko Matakatifu yanakemea vikali mwajiri anayezuia ujira wa kibarua wake. Malipo waliyoahidiwa yalindwe, na siku ya sikukuu wakae kwenye mkeka mmoja na familia, wala wasile baadaye nyuma ya nyumba. Vivyo hivyo binti anayetusaidia kazi za ndani apewe nafasi ya kwenda Misa na, inapowezekana, ya kuwaona wazazi wake.

Fungu la nne ni sikukuu na sadaka. Hatusemi kwamba sadaka itoke katika mabaki. Iamuliwe mapema kama mafungu mengine, hata ikiwa ndogo: zaka, tegemeza ya parokia, na kitu kwa ajili ya maskini mmoja anayejulikana kwa jina.

Kwa wanachama wa vikoba tuna neno la pekee. Vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana hisa mwezi wa Desemba, na fedha iliyokusanywa kwa miezi kumi na miwili inaweza kuyeyuka kwa siku kumi na mbili. Ni busara kuamua matumizi kabla ya siku ya mgao, na kwenda dukani kununua mahitaji ya shule siku hiyo hiyo. Tunaonya pia dhidi ya mambo mawili yanayoifunga familia mwaka mzima: kuuza mazao yangali shambani kwa bei ya kutupa ili kupata fedha ya sikukuu, na kuchukua mikopo ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Noeli isiyo na nyama haijamuua mtu. Riba imekwisha kuwatoa wengine katika ardhi yao.

Sikukuu kwa kiasi

Tukiisha kufanya hayo, tusherehekee. Mungu aliyefanyika mwili hakuja ili tununiane. Wali, kuku, uyoga uliookotwa porini baada ya mvua, asali kwa watoto, nyimbo za kwaya, na ndugu kutoka Tabora mjini au Dar es Salaam ni zawadi zake. Anayekuja nyumbani kutoka mjini asidhaniwe kuwa benki, na anayebaki kijijini asidhaniwe kuwa mzembe. Wengi hukopa nauli ili waje, kisha huona aibu kusema.

Sikukuu pia haihitaji kwenda sawasawa na mipango yetu ili iwe sikukuu. Mwaka 1871 Henry Stanley na David Livingstone walikuwa pamoja Ujiji wakati wa Noeli, nao wakakusudia kula chakula cha heshima. Stanley mwenyewe ameandika kwamba mpishi aliiharibu nyama na kwamba kastadi iliungua. Hata hivyo tarehe 27 Desemba waliondoka kama walivyopanga, na Februari 1872 wakafika Kwihara, karibu na Tabora, ambako nyumba waliyokaa bado inatembelewa. Karamu ilishindikana, nayo safari haikushindikana. Kwa familia nyingi mambo huenda kinyume: karamu hufana, kisha safari ya mwaka hukwama.

Kuhusu pombe tunasema waziwazi. Katika siku hizi hutokea vipigo majumbani na ajali za pikipiki barabarani, na mara nyingi chanzo ni kile kile. Msemo wa "ponda mali, kufa kwaja" una mantiki kwa asiyetarajia ufufuko na asiye na watoto wa kurithi deni. Sisi tuna vyote viwili. Mrinaji mwenye busara hachukui masega yote. Humwachia nyuki chakula chake, ili mzinga usihamwe, na msimu ujao anarudi kwenye mti ule ule. Baba wa familia naye asiirine nyumba yake hadi sega la mwisho.

Wale ambao sikukuu ni nzito kwao

Ziko nyumba ambamo Noeli ya mwaka huu ni ya kwanza bila mama, au bila mtoto aliyezikwa. Yupo mjane ambaye hakuna atakayemgongea mlango. Wapo wagonjwa katika hospitali ya ndugu zetu Wamoravian pale Sikonge, ambayo imewahudumia watu wa dini zote bila kubagua, na wapo wauguzi watakaokesha nao. Wapo wazee wanaoogopwa na kutengwa kwa tuhuma za uchawi, jambo ambalo ni dhambi nzito dhidi ya haki na upendo, na Mkristo hawezi kulishiriki hata kwa kunyamaza.

Tunapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo ikutane kabla ya Noeli na kuandika majina matatu ya watu kama hao katika eneo lake. Kisha WAWATA, vijana wa VIWAWA na wazee wagawane: nani atampelekea nani kuni, nani atamletea nani Komunyo kwa kumwarifu paroko au mhudumu, nani atamlimia nani nusu ekari. Kwa mjane wa Sikonge, palizi ya siku moja mwezi wa Desemba huwa na thamani kuliko sahani ya wali. Sahani huisha jioni, lakini mahindi yaliyopaliliwa humlisha mwezi wa Aprili.

Kupumzika bila kuitupa kazi

Wakulima hutuuliza kila mwaka: tupumzike vipi ilhali magugu hayapumziki? Kanisa linatufundisha kuacha, katika Dominika na sikukuu zilizoamriwa, kazi zinazozuia ibada na furaha ya siku ya Bwana. Linatambua pia kwamba mahitaji halisi ya familia yanaweza kumpa mtu udhuru, mradi udhuru usigeuke kuwa mazoea. Basi siku ya Noeli na Dominika zote ziwe za Misa, familia na pumziko. Siku za katikati tufanye kazi bila dhamiri kutusuta, tukipangana kwa zamu, ili asiwepo anayelima wakati wote na mwingine anayekunywa wakati wote.

Kristo aliwaambia mitume waliochoka waje kando, mahali pa faragha, wapumzike kidogo. Hakuwaambia waache utume. Mama wa nyumba ndiye anayesahauliwa zaidi katika mwaliko huo, kwa kuwa sikukuu ya wote huwa kazi yake maradufu. Walau siku moja kati ya tarehe 25 Desemba na 1 Januari, baba na watoto wateke maji, wapike na kuosha vyombo, naye aketi.

Siku za kushika

Ili familia isipotee katikati ya shughuli, tunaorodhesha siku kuu za kipindi hiki.

- Tarehe 24 na 25 Desemba: mkesha na Sherehe ya Noeli. Misa kwanza, karamu baadaye.
- Tarehe 26: Mtakatifu Stefano, shemasi na shahidi. Siku ya kuwatembelea wahitaji, kwa kuwa Stefano aliwekewa mikono kwa ajili ya huduma ya mezani.
- Tarehe 28: Watoto Mashahidi. Wazazi wawabariki watoto wao kwa ishara ya msalaba.
- Dominika ndani ya Oktava ya Noeli, au tarehe 30 ikikosekana Dominika: Familia Takatifu. Siku inayofaa kwa kikao cha hesabu kati ya mume na mke.
- Tarehe 31: shukrani, utenzi wa Te Deum, na mkesha wa kiasi.
- Tarehe 1 Januari: Bikira Maria Mama wa Mungu, ambayo tangu mwaka 1968, kwa agizo la Papa Paulo wa Sita, ni pia Siku ya Kuombea Amani Duniani. Aliye na ugomvi wa mpaka au wa urithi aanze mwaka kwa kwenda kwa ndugu yake.
- Tokeo la Bwana: kubariki nyumba, na kuwapeleka watoto shuleni wakiwa na vitu vyao.

Mwaka mmoja zaidi

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anasimulia habari za mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anauombea mwaka mmoja zaidi, na haombi tu: anaahidi kuuchimbia udongo pembeni na kuutia mbolea. Kwa mkulima wa Sikonge, hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari, jembe mkononi na mbolea ndooni. Mwaka unaokuja ni ule mwaka mmoja zaidi tulioombewa na Kristo. Twendeni tukaupalilie.

Tunawatakia familia zote za Sikonge Noeli yenye amani, na mwaka mpya wenye mvua ya kutosha, upatanisho, na chakula mezani hadi mavuno. Tumsifu Yesu Kristo.